Kadi ya TWIC: Karatasi Zikubaliane Kabla Hujafika Getini

Tangazo la kazi huwa fupi: dereva wa lori mwenye leseni ya CDL daraja A, rekodi safi barabarani, TWIC lazima. Ndugu zetu wengi walioko Houston, Savannah, Newark na Long Beach wanalisoma, wanaona mawili ya kwanza wanayo, la tatu linawakwamisha. Wakiuliza, wanaambiwa nenda ukalipe tu, kadi inakuja. Wanakwenda, wanachukuliwa alama za vidole, wanatoa kama dola 125, na baada ya wiki kadhaa inafika barua ya Kiingereza yenye kurasa nyingi. Nyumbani hakuna mwenye muda wa kuisoma. Inawekwa juu ya friji pamoja na bili. Siku 60 zinapita, na lile lililokuwa swali la kujibiwa linakuwa uamuzi wa mwisho.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Kwa ninavyoona, wengi wetu tunaoikosa kadi hii ya kuingilia bandarini hatuna kosa la kutuzuia. Tunaikosa kwa sababu jina la kwenye karatasi moja halifanani na la kwenye nyingine, au kwa sababu barua imekuja na haikujibiwa. Yote mawili yanazuilika, na kuzuia kwenyewe kunaanza kabla hujalipa hata senti.

Kadi ilitoka wapi? Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2002 sheria ya usalama wa usafiri wa majini. Sheria hiyo iliagiza kwamba mtu anayeingia bila msindikizaji kwenye maeneo yanayolindwa ya bandari na ya meli awe amechunguzwa na awe na kitambulisho kinachobeba alama zake za mwili. Usajili ulianza Oktoba 2007 huko Wilmington, Delaware, na kufikia Aprili 15, 2009 bandari za nchi nzima zilitakiwa ziwe zinaidai. Kazi imegawanywa baina ya taasisi mbili, na ni vizuri kuijua tofauti yake: TSA, wale wale unaowaona viwanja vya ndege, ndio wanaokuchunguza na kukupa kadi, Walinzi wa Pwani wa Marekani ndio wanaosimamia matumizi yake bandarini. Mwajiri hana mamlaka ya kukutolea kadi, wala wakala wa mtaani. Anayekuahidi kwamba ana mtu wake ndani atakayekuharakishia anakula pesa yako bure.

Usidhani kadi hii ni ya madereva wa kontena peke yao. Viwanda vya kusafisha mafuta na vya kemikali vilivyopangana kando ya mkondo wa meli wa Houston vina gati zao, na vingi vinaangukia chini ya sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea, mjenga jukwaa, mpaka rangi, mfanya usafi na mlinzi wa usiku, wote wanaweza kuulizwa TWIC. Mabaharia wenye hati za ubaharia za Marekani wanaihitaji. Ukiwa Louisville au Memphis, mbali kabisa na bahari, bado kuna gati za mito ya Ohio na Mississippi zinazopokea matishari ya nafaka, makaa na mafuta. Dada anayetafuta kazi ya ulinzi yenye malipo mazuri zaidi kuliko ya ghala anaweza kuikuta huko, na kwenye sifa zinazotakiwa atakuta herufi hizo nne.

Jambo jingine la kulielewa mapema: kuwa na TWIC hakukupi haki ya kuingia bandari yoyote. Kadi inasema serikali imekuchunguza na haikuona hatari. Mwenye gati bado anataka kujua una shughuli gani pale, na bandari nyingi zina usajili wao wa madereva na wa malori juu ya TWIC. Kabla ya kukubali kazi ya kubeba kontena, muulize mwajiri ni vituo gani utaingia na kila kimoja kinadai nini.

Sasa tuje kwenye hadhi yako ya kuishi nchini, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Ada ikishalipwa hairudi hata ukikataliwa. Kanuni inawakubali raia, wenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, wakimbizi waliopokelewa kama wakimbizi, na waliokubaliwa hifadhi. Kuna pia aina kadhaa za viza za kazi zilizotajwa moja moja. Zingatia neno hilo, waliokubaliwa. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri kusikilizwa anaweza kuwa na kibali cha kazi halali kabisa, anafanya kazi ghalani, analipa kodi, lakini kanuni haimtaji miongoni mwa wanaostahili. Angalia kibali chako cha kazi, pale palipoandikwa aina yake. A03 ni ya mkimbizi, A05 ni ya aliyekubaliwa hifadhi, C08 ni ya anayesubiri uamuzi. Kama yako ni C08, usikimbilie kulipa kwa sababu jirani yako alipata. Huenda jirani ana A05 na kadi zenu zinafanana kwa rangi tu. Waulize TSA kwanza, au mwanasheria wa uhamiaji, na pesa hiyo iweke mpaka hadhi yako ibadilike.

Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini anatakiwa aombe grini kadi. Wapo wanaochelewesha hilo miaka mitatu, minne, wakisema wakimbizi hawafukuzwi. Nawasihi msicheleweshe. Grini kadi inarahisisha uthibitisho wa kila jambo, TWIC ikiwemo, na baadaye inakuruhusu kuhuisha kadi kwa mtandao bila kurudi ofisini.

Nije kwenye majina, na hapa nitakaa kidogo.

Mfumo wa Marekani unataka mtu awe na jina la kwanza, la kati na la ukoo, kwa mpangilio huo, tangu kuzaliwa mpaka kufa. Sisi hatukuzaliwa hivyo. Mtu wa Kivu ana jina alilopewa na babu, ana jina la ubatizo la Kifaransa, na huenda hana jina la ukoo kabisa. Watoto watano wa baba mmoja wana majina matano tofauti. Mtu wa pwani ana jina lake, la baba na la babu. Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliandikishwa na karani aliyesikia jina kwa sikio lake na kuliandika alivyosikia. Jina hilo likaingia kwenye faili la kambi, kutoka kambini likaenda kwenye faili la safari, na alipotua uwanja wa ndege likaandikwa kwenye I-94, hati ya kuingia nchini. Baadaye likaandikwa tena kwenye kadi ya hifadhi ya jamii, kwenye leseni, kwenye grini kadi, na kila kituo kilipunguza herufi au kiligeuza mpangilio. Jean-Pierre akawa Jean mahali pamoja na Jeanpierre mahali pengine. Wapo wenye jina moja tu ambao kwenye hati zao mahali pa jina la kwanza pameandikwa FNU, herufi zinazomaanisha jina la kwanza halijulikani, na leseni ya jimbo nayo ikalibeba hivyo hivyo.

Kisha kuna tarehe za kuzaliwa. Maelfu ya wakimbizi waliandikiwa Januari 1 kwa sababu kambini hapakuwa na cheti. Tarehe hiyo si tatizo maadamu ni ile ile kwenye kila karatasi. Tatizo ni pale mtu anapoamua kuandika tarehe yake ya kweli kwenye fomu ya TWIC huku grini kadi ikisema Januari 1. Nia yake ni njema, lakini mfumo unaona watu wawili. Andika tarehe iliyo kwenye hati zako za uhamiaji, na kama unataka kuirekebisha, irekebishe kwanza kwenye idara ya uhamiaji.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni hii: tandika hati zako zote mezani. I-94, kibali cha kazi au grini kadi, kadi ya hifadhi ya jamii, leseni ya udereva, pasi au cheti cha uraia kama unacho. Soma kila moja herufi kwa herufi, kwa sauti ikibidi, na mtu mwingine akifuatilia kwa kidole. Andika tofauti zote unazoziona, hata kistari kilichopotea. Kosa la grini kadi linarekebishwa kwa fomu ya I-90, na kama kosa lilifanywa na idara yenyewe hulipishwi ada. Ukishairekebisha, nenda hifadhi ya jamii, halafu ofisi ya leseni, kwa mpangilio huo, kwa sababu kila ofisi inaiangalia iliyotangulia. Aliye karibu kuapa uraia ana nafasi nzuri zaidi: anaweza kuomba kubadilisha jina pamoja na ombi la uraia, na pale kiapo kinapoendeshwa na mahakama jaji analiidhinisha siku hiyo hiyo, akatoka na karatasi inayolieleza. Itunze karatasi hiyo maisha yako yote. Aliyeolewa na kubadilisha jina abebe cheti cha ndoa, kwani hati zenye majina mawili bila karatasi ya kuziunganisha zitamrudisha nyumbani.

Inachukua muda, najua. Mtu anayetafuta kazi leo hataki kuambiwa asubiri I-90 kwa miezi. Kama tofauti ni ndogo na una karatasi ya kuieleza, unaweza kuendelea. Kama leseni na grini kadi zinaonyesha watu wawili, endelea na kazi uliyo nayo na urekebishe kwanza. Nasema hivi kwa sababu kukataliwa na kuanza upya kunachukua muda mrefu zaidi, na ada inalipwa mara mbili.

Kujiandikisha kwenyewe ni kwepesi. Tovuti ni ya TSA, tsa.gov, na kutoka hapo unaelekezwa kujaza maelezo na kuchagua siku na kituo. Ingia kwa anwani hiyo moja kwa moja. Zipo tovuti zilizotengenezwa zifanane nayo ambazo zinatoza ada ya kukusaidia kujaza fomu ambayo kuijaza ni bure. Kituo si lazima kiwe bandarini, kuna vituo miji mingi ya ndani ya nchi. Huhitaji barua ya mwajiri, unaomba mwenyewe, ila utathibitisha kwamba kazi unayofanya au unayoitafuta inakuhitaji uingie maeneo hayo. Beba hati halisi au nakala zilizothibitishwa rasmi. Picha ya simu haikubaliki. Orodha ya hati kwa kila hadhi iko kwenye tovuti hiyo, na ni vyema uichapishe uende nayo. Usiulize rafiki alibeba nini. Yeye hadhi yake yake, wewe yako.

Nizungumzie vidole. Wengi wetu tumepita kwenye viwanda vya nyama, usafi wa hoteli, au tumeshika jembe na panga tangu utotoni. Mistari ya vidole imelika, na mashine inaweza kushindwa kuisoma, ukaitwa kurudia. Wiki moja kabla ya siku yako, vaa glavu unapogusa dawa za kusafishia na paka mafuta mikononi kila usiku. Siku yenyewe osha mikono, ikauke. Wakikuita kurudia, nenda upesi, maana ombi lako limesimama pale likikungoja.

TSA wanashauri uombe angalau siku 60 kabla ya kuihitaji kadi. Wengi wanapata mapema zaidi. Lakini mtu mwenye historia ya ukimbizi, jina linalofanana na majina ya watu wengine, au faili la zamani la mahakama, asijipe matumaini ya siku kumi. Omba ukiwa bado una kazi nyingine. Ukiajiriwa wakati ombi lako linasubiri, mwajiri anaweza kuomba uingie ukiwa umeambatana na mwenye kadi kwa muda mfupi, ila si kila kituo kinakubali, na kwa dereva wa lori ni nadra sana kupata wa kupanda naye kutwa nzima.

Hapo katikati, usihame bila kusema. Hili linatuangusha kuliko tunavyokiri. Familia inapokelewa Dayton, baada ya miezi kumi inasikia Houston kuna kazi, inapakia vitu usiku inaondoka. Barua zinaendelea kwenda Dayton. Ukihama, badilisha anwani kwa wanaoshughulikia ombi lako la TWIC na kwa posta. Kama si raia, sheria inakutaka pia uiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi.

Na barua ikifika, ifunguliwe siku hiyo. Kama Kiingereza chako hakitoshi, ipeleke kwa mtu anayesoma vizuri na anayeweza kutunza siri: shirika lililokupokea, chama cha msaada wa sheria, mchungaji au imamu unayemwamini. Naomba sana, usimpe mtoto wa darasa la tano akutafsirie. Barua hii huenda inataja kesi ya zamani ya baba yake, na mtoto atabeba mzigo usio wake, tena huenda akakuficha sehemu inayomuaibisha.

Barua yenyewe inasema kwamba kwa taarifa walizonazo, unaonekana hustahili. Ni uamuzi wa awali. Inaeleza sababu na inakupa siku 60. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, usihesabu kuanzia siku uliyoifungua, utakuwa salama zaidi. Ndani ya siku hizo unaweza kutuma majibu, unaweza kuomba nakala za taarifa walizozitumia kukuamulia, na kama unahitaji muda zaidi unaweza kuomba kwa maandishi kabla siku hazijaisha. Ukinyamaza, wanachukulia umekubali.

Sababu moja inayojirudia ni faili la FBI lisilokamilika. Mtu alikamatwa mwaka fulani katika ugomvi wa sherehe, polisi wakaandika shtaka zito, mahakamani likafutwa au likapunguzwa kuwa dogo. Polisi walituma taarifa ya kukamatwa. Matokeo ya kesi hayakutumwa. Faili linabaki na shtaka zito lisilo na mwisho. Dawa yake ni kwenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ile na kuomba nakala yenye muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Ikiwa ni jimbo jingine, nyingi zinakubali ombi kwa posta au mtandao. Nakala hiyo ndiyo rufaa yako. Sababu nyingine ni hadhi ya uhamiaji kutoonekana sawasawa kwenye kompyuta za serikali, na dawa yake ni nakala za hati zako, zikiwa na majina yale yale tuliyoyahangaikia hapo juu.

Je, kama kosa ni la kweli? Bado usikate tamaa kabla ya kujua kosa liko kundi gani. Yapo ya kudumu yasiyo na msamaha: ujasusi, uchochezi dhidi ya serikali, uhaini na ugaidi. Yapo ya kudumu ambayo unaweza kuyaombea msamaha maalumu, mauaji na makosa ya milipuko yakiwemo. Kisha kuna kundi kubwa la makosa makubwa ya jinai yanayozuia kwa muda, yaani kama ulitiwa hatiani ndani ya miaka 7 kabla ya kuomba au ulitoka gerezani ndani ya miaka 5: silaha, wizi wa kutumia nguvu, kusambaza dawa za kulevya, rushwa, magendo, kughushi utambulisho, kuchoma mali, utekaji, ubakaji. Madereva huniuliza kuhusu kuendesha umelewa. Hilo halimo kwenye orodha ya TWIC, ingawa linaweza kukumaliza upande wa CDL. Kukutwa na dawa za kulevya za matumizi yako, bila nia ya kuuza, nako hakumo.

Tofautisha rufaa na msamaha. Rufaa ni kusema taarifa zenu si sahihi, mimi ninastahili. Msamaha ni kusema kosa ni langu, nimetumikia adhabu, na huyu ndiye niliye leo. Kwa msamaha wanaangalia mazingira ya kosa, kama ulilipa fidia, na ushahidi wa maisha yako tangu hapo: barua ya mwajiri, ya afisa aliyekusimamia baada ya kutoka, ya kiongozi wa dini, vyeti vya mafunzo. Barua isiyosema chochote zaidi ya kwamba wewe ni mtu mwema haina uzito. Mwombe mwandishi aeleze amekujua kwa muda gani, anajua kosa lako, na ameona nini kimebadilika. Shirika la NELP, linalotetea haki za wafanyakazi, lilisaidia wafanyakazi wengi wa bandarini kwa njia hizi kadi ilipoanza, na uzoefu wake unaonyesha anayejibu ana nafasi ya kweli.

Nina onyo moja kwa ambaye si raia na amewahi kutiwa hatiani kwa lolote. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupeleka vidole vyako. Kuomba TWIC ni kuiambia serikali ya shirikisho iangalie faili lako upya. Mwanasheria, narudia, na si yule anayejaza fomu nyuma ya duka la simu. Na kwenye fomu usidanganye hata kidogo. Kosa la zamani lina njia za kulishughulikia. Uongo uliosainiwa kwa serikali ya shirikisho ni kosa jipya, na kwa mgeni unafuata faili lake mpaka siku ya usaili wa uraia.

Kadi ikishafika, iheshimu. Ina picha yako, chipu yenye alama za vidole na namba ya siri. Usiitoboe ili kuipachika kamba, utaharibu vilivyomo. Tafuta kifuko chake. Uwe nayo mwilini muda wote ukiwa eneo linalolindwa, kwa sababu afisa wa TSA, Mlinzi wa Pwani au polisi akiiomba unatakiwa uionyeshe hapo hapo. Mlinzi akiigeuza na kukutazama mara mbili usoni, usikasirike. Mwaka 2011 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilieleza jinsi wachunguzi wake walivyoingia bandarini kwa kadi za kughushi, na tangu hapo hakuna anayetaka kuwa mlinzi aliyepitisha ya bandia.

Mke, mtoto au rafiki usimwingize kwenye kabini. Najua safari ya kutoka San Antonio ni ndefu na mtu anataka mwenzake wa kuzungumza naye, lakini asiye na kadi hana ruhusa ya kuingia hivyo, na vituo vingi havitaki abiria kabisa. Mshushe mahali salama kabla ya geti.

Na usiazimishe kadi. Kwetu undugu ni kugawana: gari, nyumba, hata jina la kupokelea pesa. Ndugu anakuja, anafanana nawe, amepata kazi ya siku mbili na kadi yake haijatoka. Mwambie hapana ukiwa umesimama. Kuingia bandarini kwa udanganyifu ni kosa la shirikisho, na lenyewe limo kwenye orodha ya makosa yanayomnyima mtu TWIC. Yeye atapoteza kadi kabla hajaipata, wewe utapoteza uliyo nayo, na kama mmoja wenu si raia kuna zaidi ya kadi hapo. Msaidie kwa kumlipia mafuta wiki hizo anazosubiri.

Ikipotea au ikiibwa, toa taarifa mara moja kwa TSA na uagize nyingine, ni kama dola 60. Kituo kinachokufahamu kinaweza kukuruhusu kwa muda kama umesharipoti, lakini usiutegemee msaada huo kwa wiki nyingi. Ukitiwa hatiani kwa kosa lililomo kwenye orodha, au ukipoteza hadhi yako ya kuishi nchini, una wajibu wa kuarifu ndani ya saa 24 na kuirudisha kadi.

Kadi inadumu miaka 5. Wenye idhini ya kubeba vitu vya hatari kwenye CDL yao wanaweza kulipa ada nafuu, kwa sababu TSA tayari iliwachunguza. Fanya hesabu kabla ya kuchukua nafuu hiyo: ukiichagua, kadi yako itaisha pamoja na uchunguzi ule wa zamani. Kama umebakiza mwaka mmoja, lipa ada kamili upate miaka yako mitano. Raia na wenye grini kadi waliowahi kuwa nayo wanaweza kuhuisha kwa mtandao kuanzia mwaka mmoja kabla haijaisha; wengine warudi kituoni na hati zao. Raia na wenye grini kadi hao hao wanaweza pia kutumia namba iliyo nyuma ya TWIC kwenye tiketi ya ndege wapite foleni fupi ya PreCheck, faida ambayo madereva wengi hawajui kwamba wameshailipia. Weka tarehe ya mwisho kwenye simu yako, na kengele yake iwe miezi minne kabla, maana kadi iliyoisha jana inakusimamisha getini sawa na asiyewahi kuwa nayo, huku kontena likiwa mgongoni na saa za kazi zikikatika.